Mwongozo kamili wa kuandika daftari lako la maisha, kuanzia ukurasa wa kwanza mpaka linajaa

Watu wengi tunaokaa nao hapa Ngamiani, Tanga, tukipiga stori za haya mambo wanasema walishawahi kuwa na daftari la kuandikia maisha yao, alafu ukiuliza liko wapi unaambiwa liliishia kurasa tatu nne, zilizobaki zikaandikiwa hesabu za mchango na watoto wakamalizia kwa kuchora magari. Na sio wavivu, hapana. Wengi wanaanza vibaya tu, wanaandika vitu ambavyo hata wenyewe wakivirudia haviwasaidii. "Leo siku ilikuwa mbaya." "Mungu nisaidie nibadilike." "Binadamu hawana wema." Sasa hapo unajifunza nini? Mwezi ukipita unasoma siku ilikuwa mbaya na hukumbuki hata ubaya wenyewe ulikuwa upi.

Mi msimamo wangu ni huu na utauona humu mwanzo mpaka mwisho. Kuandika ni nusu ya kazi, na hiyo nusu ndo rahisi. Kinachomsogeza mtu ni kurudi kusoma alichoandika, na ili huko kusoma kuwe na faida inabidi uwe umeandika tukio lenyewe, sio hukumu yako juu ya tukio.

Wala sio jambo geni kwetu. Aliyepita chuoni utotoni, yaani madrasa, anaijua muhasaba, kukaa na nafsi yako ukaihesabu imefanya nini kutwa, na yale maneno yanayonasibishwa na Sayyidna Umar ya kwamba jihesabuni kabla hamjahesabiwa tumeyasikia kwenye khutba mpaka tumeyazoea. Wakatoliki nao wana kuchunguza dhamiri kabla ya kitubio. Shida ya kufanya kichwani peke yake ni kwamba kichwa kinasahau, na kikikumbuka kinajipendelea, baada ya wiki mbili kwenye ule ugomvi we ndo unakuwa mtu mpole na mwenzio ndo alianza.

Haya, twende kwenye vitendo.

Hatua ya kwanza: daftari, kalamu, na pa kulificha

Usinunue daftari zuri. Lile la jalada gumu lenye maua na kamba ya kufungia utaliogopa, utakaa unatafuta maneno yanayolingana nalo. Ingia stesheneri yoyote chukua daftari la shule la kawaida, au kama we ni wa maneno mengi chukua kaunta buku nyembamba, basi. Kalamu iwe ile ya kawaida kabisa, achana na za jeli, huu unyevu wetu wa baharini ukichanganya na jasho la kiganja ukurasa mzima unatapakaa.

Simu je? Simu inafaa kunasa jambo likiwa bado la moto. Uko kwenye daladala unatoka Pongwe, limetokea la kutokea, rekodi voisi ya nusu dakika jitumie mwenyewe WhatsApp, usiku utaisikiliza na kuiandika. Ila kuandika kwenyewe na hasa kusoma mi nashauri karatasi, maana ukishika simu saa tatu usiku kwa nia ya kuandika dakika tano utajikuta saa tano unaangalia video za watu wanaopika vyakula ambavyo hutovipika. Kama lazima iwe simu basi zima data kwanza.

Sasa usiri. Hili linaua madaftari mengi kuliko uvivu. Nyumba zetu hizi tunakaa wengi, mama, shangazi, wadogo zako, watoto wa dada, hamna droo isiyofunguliwa na hamna mfuko usiopekuliwa. Na mtu akishahisi kuna anayesoma haandiki tena ukweli, anaandika ili aonekane. Njia zipo. Moja ni kuliacha kazini, langu mi linakaa chini ya kaunta dukani chini ya boksi la cheni za baiskeli na hamna anayelitaka kwa sababu ukiliona unadhani la madeni. Nyingine usiandike majina kamili, tumia herufi au jina unalolijua we mwenyewe. Na kama chuoni ulishika herufi vizuri, andika Kiswahili chako kwa herufi za Kiarabu kama wazee wetu wa pwani walivyokuwa wakiandikiana barua na tenzi, watoto wa siku hizi wengi wakiliona watadhani ni dua watalirudisha juu ya kabati kwa heshima zote.

Kwa walio kwenye ndoa ushauri wangu ni tofauti kidogo. Mwambie mwenzio waziwazi kwamba unaandika, na kwamba ni mambo yako na nafsi yako. Daftari lililofichwa siku likifumwa linazua maswali ambayo hutoyamaliza, lililotajwa mapema linazoeleka tu kama mswaki.

Hatua ya pili: dakika tano, sio nusu saa

Usitie nia ya nusu saa kila siku. Weka dakika tano, alafu zifunge kwenye kitu ambacho tayari unakifanya bila kukumbushwa na mtu. Baada ya isha kabla hujakunja mswala. Ukishafunga mahesabu ya duka. Asubuhi maji ya chai yakiwa jikoni. Kuna mama ntilie anauza chai na mihogo kule Mgandini, yeye anaandika pale pale kibandani, wateja wa asubuhi wakishapungua na kabla hajabandika ya mchana, maana anajua akirudi kwake hiyo nafasi haipo, kuna watoto, kuna nguo, kuna jirani kaja kuomba chumvi akakaa saa nzima. Tafuta upenyo ulio nao, usisubiri maisha yatulie.

Wale wa usiku nawaongezea kitu. Kama we ni mtu wa kulala macho yako juu ya dari unaiwaza kesho, basi kabla ya yote andika orodha ya mambo ya kesho, moja moja na kwa maelezo, sio "kazi" bali "kumpigia yule wa mbao kabla ya saa nne". 2018 watafiti wa Chuo Kikuu cha Baylor kule Marekani walichapisha jaribio walilofanya na vijana 57 kwenye maabara ya usingizi, nusu waliambiwa waandike kwa dakika tano mambo wanayotakiwa kuyafanya siku zinazokuja na nusu waandike waliyokwishayamaliza, na wale wa mambo yanayokuja walipata usingizi mapema kwa wastani wa dakika kama tisa. Tena aliyeandika kwa ufafanuzi zaidi ndo aliwahi zaidi. Dakika tisa sio nyingi ila mwenye kukosa usingizi anazijua thamani yake.

Ramadhani ratiba yote inapinduka, futari, tarawehe, daku, kwa hiyo hamisha muda, wengi wanaona raha baada ya daku wakisubiri adhana ya alfajiri.

Na ukikosa siku, umekosa. Ukikosa wiki, umekosa wiki. Usirudi nyuma kujaza, maana utakuwa unatunga. Andika tarehe ya leo uendelee, wala usianze na kurasa nzima ya kujilaumu kwamba huna msimamo, hiyo kurasa haina faida kwa yeyote.

Hatua ya tatu: andika tukio

Hapa ndo penyewe, tulia.

Nina jirani yangu fundi baiskeli, na kwa mji huu wetu fundi baiskeli hakosi watu kutwa, karuhusu nionyeshe namna alivyokuwa anaandika mwanzo na anavyoandika sasa. Mwanzo ilikuwa hivi:

"Jumanne. Leo nimekasirishwa sana. Wateja wa siku hizi hawana adabu. Nimechoka."

Sasa hivi tukio la namna hiyo hiyo analiandika hivi:

"Jumanne, kwenye alasiri. Kaja yule mzee wa ringi, anasema bado inacheza na mimi jana nimeshika hela yake. Nikaizungusha, kweli inacheza kidogo, spoku mbili zimelegea. Nikamwambia umepakia mzigo mzito. Akasema, fundi, mi sikupakia kitu, baiskeli imelala ndani. Nikanyamaza. Shingo imekaza, masikio ya moto. Watu wawili walikuwa wanasubiri wanasikia. Nikakaza spoku bila kuongea nikamrudishia. Sijala tangu chai ya asubuhi. Alipoondoka nikamfokea dogo eti spana kaweka wapi, na spana ilikuwa mfukoni mwangu."

Ona tofauti. Kwenye ile ya kwanza mwenye makosa ni wateja wa siku hizi, watu ambao hata hawana majina na huwezi kuwafanya chochote. Kwenye ya pili kuna mzee mmoja, kuna spoku mbili, kuna watu wawili waliosikia, kuna tumbo tupu, na kuna dogo aliyekula matusi ya bure. Hapo kuna mambo manne matano ya kufanyia kazi na hakuna hata sentensi moja aliyojisema kwamba ye ni mtu mbaya. Hakuhitaji. Kilichoandikwa kinatosha.

Kwa hiyo ukikaa kuandika jibane kwenye vitu ambavyo kamera ingeviona na sikio lingevisikia. Wapi, saa ngapi, nani alikuwepo. Maneno yaliyosemwa, kama yalivyosemwa, hata yawe mafupi, andika "akasema hivi nikasema hivi". Usiandike "alinidharau", andika alichofanya, mfano niliongea na yeye anachati hakuinua kichwa. Inawezekana ni dharau kweli, inawezekana alikuwa anapokea habari ya msiba, hilo utaliangalia baadaye, leo andika simu na kichwa. Alafu mwili. Mwili huwa unajua kabla yako, tumbo, shingo, mikono, pumzi, usingizi, umekula au hujala. Mwisho andika ulifanya nini dakika chache baada ya tukio, hapo ndo pana mambo, maana hasira ya kaunta inamaliziwa jikoni na hofu ya asubuhi inatoka mchana kama uchoyo.

Maneno yawe yako ya kila siku. Andika kama unavyoongea barazani, Kiswahili cha risala kiache kwa wageni rasmi.

Siku ambazo unaona hamna kilichotokea ndo nyingi, na wengi wanakwama hapo. Mi natumia vijiswali vitatu, na kimoja kikijibika nafunga daftari. Leo kuna nini nilikikwepa? Leo nani alisema neno likabaki kichwani? Leo nilifurahi saa ngapi? Hilo la mwisho usilidharau, wanasaikolojia wawili wa Marekani, Robert Emmons na Michael McCullough, walichapisha 2003 majaribio yao ya kuwaambia watu waorodheshe vitu vya kushukuru, na kwa ujumla walioorodhesha shukrani waliyaona maisha yao vizuri zaidi kuliko walioorodhesha kero. Ila shukrani nayo iandikwe kama tukio. "Nashukuru kwa familia" utaiandika siku nne ya tano unasinzia. Andika mtoto wa jirani kakuletea machungwa matatu ya Muheza aliyotumwa na mama yake na moja alishalimenya njiani.

Kama ukurasa mtupu unakutisha kabisa, andika barua. Chagua mtu, aliye hai au aliyetangulia, mwandikie mambo ya wiki yako na usiitume. Shaaban Robert ni wa kwetu huku huku, amezaliwa Vibambani 1909, watu wanamjua kwa mashairi ila na yeye alikuwa mwandikaji barua haswa, alizomwandikia mdogo wake Yusuf Ulenge kuanzia 1931 mpaka 1958 zimehifadhiwa mpaka leo. Ukimwandikia mtu unayempenda unajikuta unaeleza, na ukieleza unajielewa, tofauti na ukijiandikia peke yako unarukaruka kwa kuwa unadhani unajua.

Hatua ya nne: kulihoji tukio

Sio kila tukio. Mara moja kwa wiki chukua moja lililokukaa, ulihoji kwa mpangilio. Kuna utaratibu alioutoa Mwingereza Graham Gibbs mwaka 1988, waliosomea unesi na ualimu wengi wamekutana nao, unapita sehemu sita: nini kilitokea, nilihisi nini, kipi kilikwenda vizuri na kipi vibaya, kilisababishwa na nini, ningeweza kufanya nini kingine, na siku nyingine nitafanya nini. Ukiusoma hivi unaonekana wa darasani. Ukiuingiza kwenye kikao cha harusi unaona kazi yake.

Tuchukue dada mmoja, tuseme yuko Chumbageni, kaandika hivi: "Jumamosi, kikao kwa mjomba. Mwenyekiti akawa anapita mmoja mmoja kuchukua ahadi. Wa kabla yangu kasema laki mbili. Mi nilitoka nyumbani na elfu hamsini kichwani. Nikasikia mdomo unasema laki na nusu. Wakapiga makofi, shangazi akapiga kigelegele. Nikanywa soda yote kwa mkupuo. Njiani kwenye bodaboda nikaanza kuhesabu ada ya mtoto."

Alihisi nini? Mwanzoni ataandika "furaha ya kushiriki". Asubiri kidogo, aangalie soda. Soda ya mkupuo sio furaha, ni hofu, na nyuma ya hofu kuna aibu ya kuonekana hana. Kipi kilikwenda vizuri? Kipo, usikiruke, alikwenda kwenye kikao, kwao wanajua yupo, na alikuwa na kiwango chake kabla ya kutoka nyumbani, watu wengi hata hicho hawana. Kibaya, kiwango kilikaa kichwani tu.

Kilisababishwa na nini? Hapa kuwa makini na swali la "kwa nini mi niko hivi". Swali hilo ukiliuliza usiku wa manane linakuletea majibu mabaya na yote ni ya uongo, utajibiwa kwa sababu we ni dhaifu, kwa sababu mlilelewa kimaskini, kwa sababu hamna anayekuheshimu. Badilisha uliza nini na wapi na nani. Nini kilitokea sekunde chache kabla sijaongea? Wa kabla yangu alitaja laki mbili. Nilikaa wapi? Katikati ya mstari. Nani nilikuwa namwangalia? Shangazi. Haya, hapo sasa kuna kitu cha kushika, kumbe jambo lenyewe sio udhaifu wa maisha yote, ni kutaja namba mbele ya shangazi baada ya mtu mwenye hela.

Ningeweza kufanya nini kingine? Aandike hata ya kijinga, yawe mengi. Kumpigia mwenyekiti asubuhi na kumpa ahadi kabla ya kikao. Kuwahi ili atajwe mwanzo. Kusema "ahadi yangu nitaileta kwa mweka hazina kesho". Kutokwenda kabisa, sawa ila gharama yake kwa ndugu anaijua. Alafu achague moja aiandike chini kwa maneno ambayo ataweza kuyasema kweli kwa mdomo wake.

Huo ni ukurasa mmoja na nusu, dakika ishirini. Mara moja kwa wiki inatosha sana, ukiyahoji yote utachoka na watu utaanza kuwakera kwa kuwachambua.

Hatua ya tano: mambo mazito

Kuna msiba, kuna talaka, kuna mtu aliyekutenda utotoni, kuna biashara iliyokufa na deni likabaki. Haya hayaandikwi kwa mtindo wa dakika tano.

Aliyefanya jina kwenye hili ni mwanasaikolojia James Pennebaker wa Marekani. Yeye na Sandra Beall walichapisha 1986 jaribio lao, wanafunzi wa chuo waliandika dakika kumi na tano kwa siku nne mfululizo, wengine jambo lililowaumiza maishani na wengine mambo ya kawaida tu. Walioandika maumivu pamoja na hisia zake walitoka wakiwa wazito zaidi siku hizo hizo, ila miezi iliyofuata walikwenda zahanati ya chuo mara chache kuliko wenzao. Baada yao yamefanyika majaribio mengi, mengine matokeo makubwa mengine madogo, kwa hiyo usiichukulie kama dawa ya kila kitu.

Namna ya kufanya: chagua siku tatu au nne zinazofuatana ambazo huna safari wala mgeni. Kaa mahali pa peke yako, watu wa Tanga tuna bahati, Bustani ya Jamhuri ipo, upepo wa bahari upo, kipande cha Raskazone kipo, beba daftari la shule. Andika dakika kumi na tano mpaka ishirini bila kusimama, bila kujali herufi kubwa wala nukta, kilichotokea na ulivyojisikia, vyote viwili. Ukiishiwa maneno rudia sentensi ya mwisho mpaka nyingine ije. Muda ukiisha funga, inuka, tembea kidogo kabla hujarudi kwa watu, usitoke hapo moja kwa moja ukaenda kuongea na uliyekuwa unamwandika. Siku ya tatu au ya nne jaribu kuliandika jambo lile lile kwa kujiita jina lako, "Fulani alikuwa na miaka kumi na mbili, alisimama mlangoni", kujiangalia kwa mbali kidogo kunapunguza moto na unaona vitu ambavyo ukiwa ndani huvioni.

Na hapa nisikilize vizuri. Kama jambo ni bichi, msiba wa wiki iliyopita, acha kwanza, lia, kaa na watu, daftari litasubiri. Kama unaandika jambo lile lile kwa maneno yale yale kila siku na kila ukimaliza uko chini zaidi, huko sio kutafakari tena, ni kuzunguka palepale, acha kuandika hilo jambo na utafute mtu wa kuongea naye. Na kama mawazo yanakwenda kwenye kujidhuru, usibaki na daftari, mwambie mtu wa karibu usiku huo huo na mwende hospitali, huduma ya afya ya akili inatolewa hospitalini na sio aibu wala sio lazima iwe mapepo.

Hatua ya sita: kulirudia

Chagua siku yako. Mi ni Ijumaa baada ya kufunga, wengine Jumapili mchana. Shika kalamu ya rangi nyingine, soma wiki nzima kuanzia mwanzo, na usirekebishe chochote, usifute, usijitetee pembeni. Daftari la duka lolote la mkopo linafanya kazi kwa namna hiyo, kuandika jina na kiasi kila mtu anaweza, ila mwenye duka asiyelifungua jioni akapitia nani kazidisha na nani kalipa anafilisika huku kila kitu kimeandikwa.

Unatafuta vinavyojirudia. Pigia mstari mtu anayetokea zaidi ya mara moja, saa inayojirudia, mahali panapojirudia, na neno unalopenda kulitumia, kuna watu wanaandika "ilibidi" kila mstari mpaka unajiuliza kama kuna kitu waliwahi kukitaka. Yule fundi jirani alipozipitia wiki zake aliona ugomvi wake karibu wote uko alasiri na kwenye siku nyingi za namna hiyo kaandika hajala. Yeye miaka yote anajijua ni mtu wa hasira kama marehemu baba yake. Sasa anakula saa saba, hata kama ni chapati na maharage ya kusimama, na mwenyewe anasema hasira haijaisha ila imepungua kiasi cha dogo wake kurudi kuimba akiwa kazini.

Angalia pia visivyotokea. Unasema familia ndo kila kitu na wiki tatu mtoto wako hajaandikwa hata mara moja. Unasema kazi huipendi na kila ulipoandika "nilifurahi" ilikuwa kazini. Hayo huwezi kuyaona siku hiyo hiyo, yanaonekana ukiyapanga pamoja tu.

Mwisho wa mwezi andika ukurasa mmoja, nini kimejirudia, nini kimebadilika, nini sikukitegemea. Ndefu zaidi ya hapo hutoifanya.

Hatua ya saba: jambo moja dogo

Kutoka kwenye kupitia, toa jambo moja la wiki inayokuja. Moja. Na liandikwe kwa mtindo wa "likitokea hili nitafanya hili". Peter Gollwitzer, mwanasaikolojia, aliandika kuhusu hili 1999, nia iliyofungwa kwenye saa na mahali inatekelezeka kirahisi kuliko nia ya jumla, na ukiijaribu utaona ni kweli. "Nitakuwa mvumilivu" haina mlango wa kuingilia. "Mteja akirudisha kitu, kwanza nitakishika nikikague ndo nifungue mdomo" hiyo inaweza kufanyika kesho saa mbili asubuhi. "Nitakuwa karibu na mama" inabaki hewani, "Jumapili nikitoka sokoni nitapita kwa mama kabla sijafika kwangu" mguu unajua pa kwenda.

Wiki ijayo ukipitia, andika tu imefanyika au haijafanyika na nini kilizuia. Ikishindikana wiki mbili mfululizo usiongeze nguvu, ipunguze jambo lenyewe, pengine ulichukua kubwa kuliko uwezo wa wiki.

Na tafadhali usitangaze. Mtu akianza daftari wiki moja keshaweka stetasi kwamba ye ni mtu mpya, sasa daftari linakuwa la kutafutia maneno ya stetasi. Kaa nalo kimya kimya.

Likijaa

Andika kwenye jalada mwezi ulioanza na uliomaliza. Kabla hujalifunga lipitie lote kwa mkupuo, tenga mchana mmoja, alafu chukua daftari jipya na ukurasa wake wa kwanza hamishia mambo matatu tu, linalojirudia ambalo bado hujalimaliza, lililobadilika, na swali ambalo hujapata jibu lake. La zamani ukitaka kulitunza liweke kwenye boksi la plastiki lililofungwa vizuri, juu, mbali na ukuta, nyumba zetu zina unyevu na mchwa hawasomi jalada. Ukitaka kulichoma choma, hasa lile la mambo mazito, hamna sheria inayokulazimisha kutunza, ila usilichome siku ile ile uliyolimaliza wala siku uliyokasirika. Ngoja mwezi, lisome mara moja tena, ukiona bado unataka ndo uwashe.